Jina langu limesomwa baraza

Maryanne, wacha kila kitu usome hii. Nimetoka baraza ya chifu saa hii na sina uso wa kuangalia mtu.

Unamjua jirani yangu Nailantei, yule amekataa kuweka seng'enge shambani ndio wanyama wa porini wapite? Leo afisa wa wanyama amemsimamisha mbele, watu wakampigia makofi. Ochola wangu akapiga mpaka nikamkanyaga mguu! Bwana ambaye hajawahi kunisifu hata chapati.

Nikasema moyoni, hata mimi siku moja nitatajwa hapa.

Haki nikatajwa.

Afisa akatoa karatasi za nailoni zilizotolewa tumboni mwa punda milia aliyekufa nyuma ya ploti zetu. Moja akaikunjua, akasoma kwa sauti: "Ochola na Selpha, Pamoja Milele."

Mifuko ya harusi yetu, Maryanne! Ile ilibaki, ndiyo nilikuwa natilia takataka naitupa huko nyuma. Baraza nzima ikageuka. Kicheko!

Nailantei peke yake hakucheka. Alikuja akanishika mkono: "Pole mama Brayo, sisi wote tunatupa."

Maryanne, hata huruma amenishinda. Na Ochola ameona.