Mafuta Katika Damu Yetu

Kikuyu, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa dada yangu Dorkasi,

Shikamoo dada. Nakusalimu kwa heshima yote ya mdogo uliyembeba mgongoni, na natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana ni ndefu, na ukiisoma umesimama miguu itakuuma bure. Shemeji hajambo? Elisante na wenzake je? Salamu zetu za mbukwenyi kwa wote hapo Mpwapwa. Sisi huku ni wazima. Restuta anaendelea na ushonaji wake, watoto wako shuleni, mvua bado haijanyesha lakini majirani wameshaanza kugombania nani alime pembeni ya mtaro.

Najua unajiuliza, huyu Zablon ana simu mbili mfukoni, barua ya nini tena? Dada, simu unakata. Nikitamka jambo usilolipenda nasikia kimya, halafu kesho yake unasingizia mtandao. Barua huwezi kuikata. Na nakujua, karatasi yenye mwandiko wangu hujawahi kuitupa.

Ombi langu naliweka mbele kabisa, ulijue kabla hujachoka kusoma: nataka upande basi uje Dodoma Ijumaa hii, na Jumatatu asubuhi twende wote hospitali ukapimwe damu. Wiki iliyopita uliniambia kifua kinakubana ukipanda kile kilima kutoka bombani. Ukasema ni gesi, umetafuna tangawizi, kisha haraka haraka ukahamia kwenye habari za mbuzi. Tangu siku hiyo sina amani. Naendesha gari la ofisi huku nawaza kifua chako, hadi bosi ameniuliza kama nina msiba.

Sababu ya hofu yangu ndiyo habari yenyewe. Mwezi wa pili walikuja manesi ofisini kwetu Mtumba kupima afya za wafanyakazi. Sisi madereva tulikwenda kwa utani tu. Walipima presha, wakapima sukari, kisha wakatoa damu ya kupima mafuta. Yangu nesi aliirudia mara mbili akidhani mashine imeharibika. Mwishoni akanipa karatasi akasema nisichelewe, niende nikamwone daktari.

Daktari niliyempata anaitwa Respicius, mtu wa Bukoba, anaongea haraka lakini ana subira ya kurudia. Alinieleza kuwa ndani ya damu kuna mafuta yanayoitwa kolesteroli, kila mtu anayo, lakini yakizidi yanaganda kwenye kuta za mishipa. Alitumia mfano wa mabomba yetu ya Dodoma yanavyozibwa na maji ya chumvi, hadi siku moja hakipiti kitu. Kipimo hakitakiwi kuzidi tano. Changu kilikuwa nane nukta mbili. Nilimbishia, dada. Nikamwambia mimi mwembamba hivi, suruali zinanining'inia, mafuta yatoke wapi? Akasema wembamba hauna habari na jambo hilo. Kisha akanitazama machoni, akagusa vile vivimbe vya njano kwenye kope zangu, akaniinamisha akaminya na mishipa ya visigino, akaniuliza ni nani mwingine kwetu mwenye vivimbe hivyo.

Nikamjibu kwa majivuno kwamba hiyo ni alama ya ukoo. Baba alikuwa nayo, mimi ninayo, na dada yangu anayo, jicho la kulia mbili na la kushoto moja. Yule daktari hakucheka. Alisema ini la watu wa namna yetu halijui kuyaondoa mafuta kwenye damu, na kwamba jambo hilo hurithiwa kama pua. Akasema nikulete.

Sasa nikuchekeshe kidogo kabla sijakukasirisha. Siku hiyo hiyo Restuta aliipata karatasi ya vyakula niliyopewa na daktari, na akawa serikali. Supu ya makongoro niliyokuwa nakunywa kila asubuhi na madereva wenzangu, marufuku. Chipsi mayai, marufuku. Ngozi ya kuku anaibandua mbele yangu bila huruma na kumpa paka. Ile nyama choma ya mnadani Jumamosi, yenye mafuta yanayodondokea mkaa, nayo ikapigwa marufuku, akasema nikitaka nyama ni kipande kidogo kisicho na mafuta, mara moja kwa wiki. Wiki ya kwanza nilinuna hadi watoto wakawa wananikwepa. Jamani, mwanaume mzima nilimwonea wivu paka!

Na hapa kuna kosa la kwanza ninaloungama. Samli yako, dada. Lile dumu unalonitumia kwa kondakta kila mwisho wa mwezi, kwa miezi saba sijatia hata kijiko mdomoni. Linakwenda kwa jirani yetu Mwanasha, anapikia pilau na maandazi, na kila akikaanga anakuombea dua maisha marefu. Wewe unapiga simu kuniuliza mzigo umefika, nami nakujibu umefika na ni mtamu. Nisamehe. Nilijua unakamua kwa mikono yako na kutikisa kibuyu mwenyewe, na kwamba tangu nikiwa mtoto hiyo ndiyo njia yako ya kuniambia unanipenda. Nilishindwa kukuambia kuwa imekuwa hatari kwangu. Nilihofia utasikia nakukataa wewe.

Daktari alisema nirudi kwenye chakula cha wazee wetu: ugali wa uwele au mtama usiokobolewa, mlenda, kunde, choroko, karanga kiasi. Nilicheka. Umri wote huu nimehangaika mjini ili nisile mlenda, kumbe ndio dawa! Shida ikawa mpishi. Restuta ni mke mwema lakini amekulia ndizi. Uwele wake ulikuwa na mchanga, na mlenda wake ungeweza kubandikia bahasha. Utauliza kwa nini sikukuomba wewe umfundishe. Dada, mlenda wako una samli nusu bakuli, ndiyo maana mtaa mzima unausifu.

Basi hapo nilipata sababu mbili za kwenda mahali ulikonikataza. Ya kwanza ilikuwa chakula. Ya pili ni kwamba daktari aliniuliza baba yetu alikufaje, na mimi nikamjibu vile tulivyozoea kujibu, kwamba alilishwa kitu na mke wake wa pili. Akauliza alionyesha dalili gani. Wewe ulikuwa kwako Mpwapwa, mimi nilikuwa chuo cha udereva. Aliyekuwa naye ni mmoja tu.

Usiikunje barua, dada. Soma. Nilikwenda Msalato kwa Mama Yudith.

Nakumbuka vizuri ulivyosimama kwenye matanga ya baba. Ulisema mbele ya ukoo mzima kwamba hutapokea hata maji kutoka mkononi mwa yule mwanamke, na ukanishika mkono nami nikaapa vile vile. Sikulaumu hata kidogo. Ulikuwa na uchungu, na kila mdomo pale ulikuwa unasema hivyo. Lakini ni miaka ishirini na miwili sasa, na yeye ameishi peke yake kwenye kile kiwanja cha kaka yake, hana mtoto, hilo neno "Mama" mbele ya jina lake tuliliweka sisi, hana wa kumwita.

Nilipobisha hodi alinitambua kwa haya macho. Alinikaribisha, akaleta kiti. Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo likinijia najisikia vibaya. Alichota maji kwenye mtungi mbele yangu, akanywa yeye kwanza hadi nusu kikombe, akasubiri kidogo, ndipo akanipa yaliyobaki. Mwanamke aliyenipikia uji nilipokuwa na miaka tisa, ananionjea maji! Nilitamani ardhi inimeze.

Nilimweleza ya daktari, akalia. Akanisimulia kuwa baba alikuwa anabanwa kifua mwaka mzima kabla ya kufa. Akipanda mlima anasimama, anashika mti, anasema ni gesi. Ndiyo, dada, gesi. Mama Yudith alimsihi aende hospitali na apunguze mafuta, baba akamwambia anamfanya mgonjwa. Akamkataza pia kukuambia wewe, kwa sababu ulikuwa na mimba ya Elisante baada ya kupoteza mbili, na aliogopa ukishtuka utapoteza na hiyo. Jumamosi ile aliyofariki, ni baba mwenyewe aliyerudi kutoka mnadani na mkia wa kondoo. Alitaka uchomwe wote. Mama Yudith alimwomba abakize, baba akacheka, akala. Jioni akaanza kutoka jasho, kifua na mkono wa kushoto vikimuuma, na gari lilipopatikana alikuwa ameshatuacha. Nilimuuliza kwa nini hakusema haya siku ya matanga. Akaniuliza nani angemsikia siku ile.

Daktari Respicius nilipomrudia alisema hawezi kuapa kwa mtu ambaye hakumpima, lakini kwa maelezo hayo na hivi vivimbe vya macho, yeye anaona baba alikufa kwa moyo. Wala si sumu. Dada, tulimfukuza mtu kwa ugonjwa ulio ndani ya damu yetu wenyewe.

Na hili ndilo ungamo langu kubwa. Nimevunja kiapo chetu. Kwa miezi saba, Jumamosi zote ulizodhani niko mnadani, nimekuwa Msalato nikila ugali wa uwele kwa Mama Yudith. Ananipikia mlenda uliokaushwa, kwa maji na karanga kidogo tu, kunde bila mafuta, na maziwa mgando aliyoyaondoa siagi. Anafunga na vingine kwenye kapu nimpelekee Restuta, na Restuta mwenyewe ameshakwenda mara tatu kujifunza. Na kila Jumamosi, kabla sijanawa, alikuwa anaonja kila bakuli mbele yangu. Mwezi wa tano nilishindwa kuvumilia. Alipoinua mkono kuonja nilivuta bakuli nikaanza kula kwanza, haraka, nikiungua ulimi. Alikaa chini akafunika uso kwa khanga. Nami nililia, na mlenda mdomoni, sikuona aibu.

Baada ya miezi mitatu ya chakula hicho mafuta yalishuka hadi saba. Daktari alifurahi, lakini akasema kwa watu wa ukoo kama wetu chakula peke yake hakimalizi kazi, akaniongezea kidonge kimoja kila jioni. Juzi nilipopima ilikuwa tano nukta moja. Mimi niko hai na napanda ngazi za wizarani nikipiga mluzi, dada, na nimelishwa na mkono uleule tuliosema umemuua baba.

Wewe sasa una miaka hamsini na mitano, umempita baba miaka miwili. Una alama zake kwenye macho, una gesi yake kifuani, na una ubishi wake, huo ndio unaoniogopesha kuliko vyote. Nilimzika mama nikiwa na miaka sita, hata sura yake naikumbuka kwa kusimuliwa na wewe. Nilimzika baba. Wewe ndiye mama niliyebaki naye. Sitaki kukuzika kwa sababu ulikataa kupanda basi. Nakupenda dada yangu, na hili nalisema waziwazi kwa kuwa kwetu hatuna desturi ya kulisema.

Basi njoo Ijumaa. Siku hiyo uache kupika, usibebe kitu, usijitwike maji, mwache Elisante aende bombani. Kifua kikikubana zaidi kabla ya hapo, au maumivu yakienda mkononi, usingoje Ijumaa wala mimi, nenda hospitali hapo hapo Mpwapwa. Jumatatu usile chochote asubuhi hadi watoe damu, mimi nitakaa na wewe kwenye benchi. Ya Msalato sikulazimishi. Ukitaka nitakupeleka, usipotaka tutapita barabara nyingine, na mimi nitabaki mdogo wako vile vile. Lakini hospitali, dada, hapo sina mzaha. Usiposhuka kwenye basi Ijumaa, Jumamosi alfajiri nitakuwa mlangoni kwako, na nitakubeba mgongoni mbele ya majirani wote.

Nisalimie shemeji, mwambie nimekumbuka utani wake. Msalimie Elisante, na wajukuu uwapige busu mmoja mmoja. Restuta anakupa shikamoo na ameshatandika kitanda chako. Mwanasha naye anakusalimu sana, ingawa ana huzuni ya samli.

Mama Yudith anakusalimu. Alinikataza nisiiandike salamu yake, akasema utakasirika. Nimeiandika.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemlea,
Zablon