Ukuta wa Vera

Nyumba za Reli, Nsambya,
Kampala.
11 Mei 2024

Mpendwa Kaka Ogutu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mgongo umepoa? Na wifi Nabangala, ameizoea baridi ya huko Calgary au bado anavaa makoti mawili ndani ya nyumba? Sisi tu wazima. Presha ya Mama imeshuka, ila mguu wa kulia bado umevimba, kiatu hakiingii. Mimi duka la Kikuubo linanichosha, lakini namshukuru Mungu.

Kaka, ningeweza kukupigia simu. Nimepiga mara mbili, na mara zote nimeishia kukueleza habari za mvua. Kwa hiyo naandika, ingawa hata sasa nainuka kila baada ya mstari kwenda kuchungulia nje.

Ni juu ya ile picha kwenye ukuta wa ukumbi wa mtaa wetu, ile aliyoichora fundi Siraje, watu wa mtaa wakiwa ndani yake na Vera wetu akicheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake. Rangi ilikuwa imechakaa. Nyuso nyingi zilishamenyeka, lakini ya mwanao ilibaki. Kila nikienda kazini nilimsalimia. Tangu tumzike, hatukuwa na picha yake nyingine tuliyoipenda kama ile.

Mwezi wa nne mvua iliingia ndani ya ukuta. Asubuhi moja kipande cha plasta kikubwa kama meza kikaangukia kigoda cha Jamilah, yule mama Mnubi anayesuka vikapu pale. Alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kumpokea mteja. "Banange, kigoda imekufa kwa niaba yangu," akasema, akicheka.

Mwenyekiti wetu, Odyek, akaitisha mkutano. Vijana wakataka ukuta ukwanguliwe wote, wachore upya. Mimi nikasimama kupinga, nikapaza sauti mpaka Mama akanivuta gauni. Nikasema wazibe palipooza tu. Mwashi akagonga ukuta mbele yetu. Kila mahali ulilia kama debe tupu. Sikutaka kusikia. Nikadai aitwe Siraje mwenyewe, maana nilijua atakuwa upande wangu.

Akaja kutoka Bombo, mzee sasa, jicho moja lina ukungu. Akaupapasa ukuta kwa kiganja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akasema, "Bomoeni. Mimi nilichora watu, sikuchora kaburi la watu."

Nikatoka nje kwa hasira. Akanifuata polepole, akaniuliza wangu ni yupi. Nilipomwonyesha, akacheka. "Huyu! Huyu alinisumbua. Nilikuwa nimemchora mpira unamjia. Akaja akaniambia, 'Fundi, hapana. Nichore nimeshakwepa.' Nikafuta, nikaanza tena."

Kaka, ulikuwa unalijua hilo? Miaka yote nimeutazama ule mpira nyuma ya mgongo wake bila kujua kwamba ni yeye aliyeamuru.

Walibomoa Jumamosi iliyopita. Odyek alijaribu kumtoa Vera mzima kwa patasi, taratibu. Akamvunjikia mikononi. Hapakuwa na cha kuokota, tukafagia pamoja na vumbi lingine. Tangu siku hiyo sikai mahali pamoja. Nabandika sufuria jikoni, naiacha. Nafika dukani, nakumbuka funguo ziko nyumbani.

Sasa plasta mpya inakauka. Siraje atawaongoza vijana kuchora, na wamekubali Vera awepo. Lakini mzee amekataa kuanza bila neno lako wewe, baba yake. Anauliza, mnataka awepo? Na kama ndiyo, awe yule mtoto wa miaka tisa, au awe mwanamke ambaye angekuwa leo? Nikamwambia nitawaandikia. Hilo si langu.

Kaa na wifi mzungumze. Mkisema hapana, nitahakikisha panachorwa kitu kingine, na hakuna atakayewauliza tena. Mkisema awe mtoto, sawa. Mkitaka awe mkubwa, basi mtuambie angefanana na nani. Mama anasema angekuwa na paji lako la uso. Mimi nasema hapana, angekuwa wifi mtupu, hata mwendo. Jana tumebishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa, na ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike kulitaja jina lake humu ndani bila kunong'ona.

Mama anakusalimu na kukubusu kichwani. Jamilah anamsalimu sana wifi, na Odyek pia. Mungu awafunike huko mliko, na njia ya kurudi aiache wazi.

Mimi dada yako akupendaye,
Loice