Anaamini Tulimfukia Mama Yake Usingizini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe kwa urefu wa barua hii maana nikianza sijui pa kuishia.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa nyumbani barazani, naishi na mama yangu mzazi, na tangu dada yangu mkubwa alipofariki tunaishi pia na binti yake wa miaka sita, ambaye tunamwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kufunga mdomo, na baba yake, yaani shemeji yangu, ni dereva wa lori la masafa marefu, anakuja, anaoga, anakula, anaondoka, na tangu msiba safari zake zimezidi kuwa ndefu, simlaumu, kila mtu ana namna yake ya kukimbia.

Dada aliugua figo. Alipopelekwa hospitali tulimwambia mtoto mama amelazwa, na alipofariki mama yangu akatuweka chini akasema mtoto haambiwi habari za kifo, mwambieni mama yake amelala, akikua ataelewa mwenyewe, basi tukamwambia mama amelala, na siku ya mazishi tukampeleka kwa jirani akacheze na watoto wenzake, akarudi na vumbi hadi magotini anauliza watu wote wale walifuata nini, tukamwambia walikuja kutusalimia, yakaisha, au sisi tulidhani yameisha.

Alianza na bibi yake. Mama ana kawaida ya kujinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana, basi siku hiyo Chiriku akamwendea na kikombe cha maji akammwagia usoni, mama akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akamfokea, na mtoto wala hakulia, alisema tu, "Nilikuwa naangalia kama bado unaamka." Tukacheka, mshauri. Tulidhani ni utundu. Kisha mwenyewe akaanza kukataa kulala, mwalimu wake akaniita kunieleza kwamba anasinzia darasani na akishtuka anapiga kelele, na nilipomvua nguo nimwogeshe nikaona mapaja yana alama, kumbe anajifinya ili macho yasifumbe.

Juzi nilikuwa nakunja pindo la sketi, akaja akasimama ubavuni mwa cherehani akaniuliza, "Mama mdogo, udongo ni mzito?"

Nikamwambia inategemea, kidogo si mzito, mwingi ni mzito.

"Wa mama ni mwingi?"

Mguu ukasimama juu ya kanyagio. Nikamuuliza habari za udongo kazitoa wapi, akasema mtoto wa jirani alimwambia, siku ile walikwenda kumfukia mama yako. Halafu akaniangalia, yaani kaniangalia hasa, akasema, "Mbona mlimfukia amelala? Akiamka atatokaje?"

Mimi ni mtu wa maneno, wateja wangu watakwambia, lakini siku hiyo nilimwambia tu nenda ukacheze. Tangu hapo chakula nikimpakulia mimi hali, anasubiri cha bibi yake, na nikimshika anakaza mwili kama ubao. Jana nimemkuta nyuma ya nyumba na kijiko kikubwa cha kupakulia, anachimba, nikamuuliza unatafuta nini, akajibu hatafuti kitu, anajifunza.

Mimi nataka kumwambia ukweli. Mama anasema nikithubutu uchungu utamuua mtoto na tutazika wa pili. Shemeji nikimpigia simu anasema subirini nirudi, na akirudi anasema subirini akue. Nimwambie au ninyamaze? Na nikimwambia, naanzia wapi?

Mama Mdogo, fundi wa sare

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Pole kwa kufiwa na dada, maana umeniandikia ya mtoto, ya mama na ya shemeji, ila ya kwako hukuandika hata mstari. Nimeona.

Sasa nikuseme kidogo. Chiriku hana utundu wala hajaharibikiwa. Mlimpa vipande viwili, mama amelala na mama amefukiwa, naye akaviunga kama ambavyo wewe ungeviunga. Mtu mzima akisikia kwamba ndugu zake wamemfukia mtu aliyelala, anakimbilia polisi. Yeye ana kijiko tu. Mtoto huyo anajiandaa kwenda kumtoa mama yake, na anayemwogesha ni mmoja wa waliomfukia. Wewe ungekula chakula chake?

Lugha yetu ina adabu. Tunasema fulani ametutoka, ametangulia, amepumzika, na sisi wakubwa tunaelewana. Mtoto wa miaka sita anauliza ametoka kwenda wapi, atarudi lini, na mimi nikipumzika je? Nyinyi hata hamkuhitaji kwenda mbali: mama amelazwa, kisha mama amelala. Kwake hilo ni neno moja lililosogea hatua moja.

Neno ni amekufa. Litamke mwenyewe kwanza, ukiwa peke yako, mpaka lisikukwame kooni.

Kabla ya mtoto, nenda kwa mama yako. Usiende kubishana, yeye naye amezika mwanawe. Muonyeshe yale mapaja. Mwambie, "Mama, uchungu unaoogopa utamfika, umeshamfika, ila yuko nao peke yake." Shemeji naye aambiwe aje, na safari hii hakuna cha subirini. Habari ya mama inatoka vizuri zaidi kinywani mwa baba, hata kama ni sentensi moja.

Mkae naye mchana, ameshiba, mkiwa chini naye mkekani. Anzeni kwa kuomba radhi: tulikuambia mama amelala, tulikosea. Mama amekufa. Kufa maana yake mwili umeacha kufanya kazi kabisa, moyo haupigi, hapumui, hasikii baridi wala maumivu, na hawezi kuamka. Aliyelala anapumua. Mshikishe mkono kifuani kwako asikie tofauti. Mwambie alikufa kwa ugonjwa mkubwa wa figo, si kama mafua, na hakuna alichofanya au kusema yeye kikamuua mama. Hilo mliseme hata asipouliza, maana watoto hujitwika lawama kimyakimya. Ya imani yenu mtamweleza pia, lakini kwanza aelewe habari ya mwili, la sivyo ataanza kumwogopa na Mungu.

Akikuuliza kama nawe utakufa, usimdanganye mara ya pili. Mwambie unatarajia kuishi sana, na yuko bibi, yuko baba, hatabaki peke yake. Akilia, mwache alie. Akiinuka kwenda kucheza katikati ya maneno, mwache pia, huzuni ya mtoto huja na kwenda kama manyunyu. Atauliza swali lile lile tena na tena, na wewe jibu lile lile. Mpelekeni kaburini akaone. Mwalimu aambiwe. Na asiporudi kulala na kula, mpelekeni kwa daktari, msingoje akonde.

Halafu wewe, fundi, lia. Alie nawe. Mtoto anayeona kila mtu ana macho makavu anadhani ni yeye tu aliyefiwa.

(Jibu hili nilimpelekea moja kwa moja, maana jambo la mtoto halingoji siku ya gazeti. Ameniruhusu nichape na alichoniandikia baadaye.)

Mshauri, tumemwambia. Shemeji alikuja na funguo za lori mkononi, nikazichukua nikazikalia. Yeye ndiye aliyelitamka lile neno, na alipolitamka akalia, na Chiriku hakuwa amewahi kumwona baba yake analia. Akauliza, "Kwa hiyo hausikii ule udongo?" Tukasema hausikii. "Hata kidogo?" Hata kidogo. Hapo ndipo alipolia yeye, alilia mpaka akatapika, na mama yangu akanitupia lile jicho la si nilikwambia, lakini ndiye aliyemfuta uso, na ndiye aliyeanza kutusimulia jinsi dada alivyokuwa akipanda juu ya paa utotoni akikwepa kuosha vyombo. Mimi nililia kuliko wote. Sikujua kama nilikuwa na machozi mengi vile.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Kuna siku ananuna toka asubuhi, na kuna siku ananipiga ngumi bila sababu, kisha ananikumbatia. Lakini tumekwenda kaburini wote, na sasa analala. Jana nilikuwa nakata kitambaa nikawasikia watoto uani wakiruka kamba, na msichana mmoja mgeni akamuuliza, "Mama yako yuko wapi?" Mkasi ukanisimamia mkononi.

Chiriku akasema, "Mama yangu alikufa. Haya, nani anashika kamba?"