Miguu ya Mutuma

Mwenda wangu,

Tuko salama hapa nyumbani Majimbo. Nyanya yako ni magoti tu yanayomsumbua, na kule shambani Mbeere ndengu zimekubali vizuri.

Unasema kocha wenu wa ule mpira wa Amerika unaofanana na raga ataamua Ijumaa kama atakuchukua. Una nguvu za kumkinga mrusha mpira, lakini mchezo bado hujaujua. Unauliza ataangalia nini.

Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wa raga alileta mvulana wa Mikinduri, Mutuma, ambaye hakuwa amewahi kushika mpira. Akaniambia nisukumane naye. Mutuma alisimama wima, nikamwangusha mara tatu.

"Nguzo hiyo ipelekeni ikashike waya za stima," wenzangu wakacheka.

Mwalimu akaniuliza, "Wewe ndiye umemshika. Tumchukue ama aende?"

Baba alikuwa amenifundisha kuchagua ng'ombe wa kulima: usiangalie pembe, angalia miguu ya nyuma akiwa kwenye tope. Miguu ya Mutuma iliendelea kusukuma hata akianguka. Niliiona. Lakini niliogopa kuchekwa, nikatazama nyasi. Mwalimu akaona kimya changu ni jibu. Mutuma akanipa mkono, akaenda zake.

Jana binamu yako alinionyesha video yako. Nimeirudia mara nne nikiangalia chini tu. Unasimama wima sana, hilo utarekebisha. Lakini miguu haiachi kusukuma. Kwa hivyo nimesema kwa sauti, mbele ya nyanya yako na fundi wa mabomba aliyekuja kututengenezea mfereji: huyu achukuliwe.

Ni mimi babu yako, niliyechelewa kusema.