Sikio Lililokatwa Upya

Jumanne

Eti "Kirusi chabadili miiba, chanjo hoi." Kichwa hicho cha habari si changu. Mimi niliandika kwamba miiba ambayo kirusi cha korona hujishikizia kwenye seli imebadilika kidogo, kinga inachelewa kukitambua, lakini chanjo bado inapunguza ugonjwa mkali. Mhariri akaona ni maneno mengi.

Aliyemwamini mhariri kuliko wote ni mama yangu, kule Kisongo. Ana kisukari na miaka sabini na sita, na jana alikataa dozi ya nyongeza. Leo nimekwenda kumbembeleza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gazeti lako limesema haifanyi kazi."

Nikamweleza miiba, seli na kingamwili. Akanisikiliza kama anavyomsikiliza dalali mnadani.

"Yaani mwizi amelikata upya sikio la ng'ombe wangu, alama yangu isionekane?"

"Ndivyo, mama."

"Basi mchungaji wangu atasita, lakini atamjua kwa pembe na mwendo. Mbona hukuandika hivyo?"

Miaka ishirini kazini, sijawahi kuhaririwa vizuri namna hiyo.

Amekubali kwenda Ijumaa. Nikashukuru mapema mno.

"Na wewe umechanjwa lini mara ya mwisho?"

Nikasema nitaangalia kadi.

"Kadi ya nini? Tunakwenda wote, na wewe unatangulia."

Sindano naiogopa tangu darasa la pili. Hakuna haja ya kumficha. Siku ile yeye ndiye aliyenikamata mikono.