Mbele ya Mgeni Wote Tuko Salama

Jumamosi jioni, mwezi wa kumi na moja. Mvua imenyesha tangu asubuhi, viatu vyangu vimejaa matope ya mtaa wa Nyakabiga, na kichwa kinanigonga.

Nimekasirika. Naliandika hilo kwanza lisije likapotea katikati ya mengine.

Leo ndiyo siku tuliyokuwa tukiingoja. Mgeni wa mfuko wa hisani, wale wa ng'ambo tunaowaomba msaada, amekuja kutuona kwa macho yake. Maombi yao nimeyaandika mara tatu. Mara ya kwanza walisema hayaeleweki. Mara ya pili walisema yanaeleweka ila hayana viashiria. Nikatafuta viashiria, nikaviweka. Mara ya tatu wakauliza kwa nini mradi wa ustawi wa jamii unahitaji hema, viti na vinywaji. Vinywaji, walisema, havifadhiliwi. Wakashauri tufanye semina, tena yenye bango na fulana.

Sasa mimi nimwelezeje mtu wa mbali kwamba matanga hayaondolewi kwa fulana?

Ngoja nijieleze mwenyewe, maana fomu yao haikunipa nafasi. Hapa kwetu mtu akifa, nyumba yake inakaa kwenye matanga. Siku ya kuyaondoa ikifika, jamaa na majirani wanaitwa, viti vinapangwa, watu wanapewa cha kunywa, na mwenye msiba anasimama kuwashukuru wote waliomshika mgongo. Baada ya hapo maisha yanaruhusiwa kuendelea. Kabla ya hapo hata posa haiingii mlangoni. Lakini hayo ni ya marehemu aliyezikwa. Wetu hawakuzikwa. Walitoka nyumbani katika miaka hii ya vita, na hakuna aliyetuletea mwili wala habari.

Kikundi chetu hukutana kila Jumamosi mchana katika ua ulioezekwa bati wa Mama Goreth, mshonaji wa Nyakabiga. Wapo majirani zake, tupo sisi wa Buyenzi, na mmoja huja kwa miguu kutoka Kamenge. Kila mmoja ana mtu wake asiye na kaburi. Mimi ni karani kwa sababu nafundisha shule ya msingi na Kifaransa changu kinaandikika. Nami pia nina wangu. Kaka yangu Hamisi alikwenda kuchukua gurudumu la baiskeli kwa fundi na hakurudi. Mama bado anafua kanzu yake kila Ijumaa. Hitima haijasomwa, na hakuna wa kuthubutu kuitaja mbele yake.

Tulichopanga ni kuondoa matanga yote siku moja, sote pamoja, ili asiwepo mmoja wa kutangulia kusema kwamba wake hatarudi. Huo ndio mradi mzima. Ungeenea kwenye mistari miwili kama wangeniachia mistari miwili.

Mwenye haraka kuliko wote ni Mama Goreth mwenyewe. Mumewe alikuwa mpakiaji bandarini. Alitoka siku moja ya ville morte, siku zile mji ulipofungwa kwa mawe na matairi, akisema boti ya Kigoma haingojei mtu. Bandarini hakufika. Sasa binti yao Goreth ana mchumba, fundi wa redio, kijana mtulivu. Wazazi wa kijana wamesema kwa adabu zote kwamba hawawezi kuleta posa kwenye nyumba ya matanga, na mwaka ukiisha watamtafutia mtoto wao mlango mwingine. Mwaka unaisha.

Mama Goreth anajua yote hayo. Lakini kuondoa matanga peke yake anaona ni sawa na kumzika mumewe kwa mikono yake. Sisi nasi hatukumsaidia. Miaka yote tunamwambia "Mungu atamurudisha", maana ukimwambia neno jingine utakuwa umemtukana.

Basi, leo.

Niliwaomba jambo moja tu: mgeni akiuliza, semeni ukweli. Wakaitikia wote. Kisha wakafanya wanavyojua wao. Wakaazima viti vya parokia. Wakachanga wakanunua kreti za fanta. Goreth akapiga pasi kitambaa cha meza. Mzee Saidi, makanika wa Buyenzi aliyempoteza mwanawe, akaja na koti ambalo nilidhani amelihifadhi kwa ajili ya Idi. Nilipoingia ua ulikuwa umependeza mpaka nikaogopa.

Mgeni akafika na gari jeupe lenye bendera. Kijana mrefu, shati limeloa mabegani. Sitamsema vibaya, alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwomba. Akakaa, akapewa fanta, akafungua daftari, akauliza kupitia kwangu: mnaishije na haya yaliyowapata?

"Mwambie tuko salama," akasema Mzee Saidi. "Tunashukuru Mungu."

Akauliza kama watu wanapata usingizi.

"Mi nalala muzuri kabisa," akajibu Mama Chantal. Mama Chantal huyu huyu ambaye kila Jumamosi hutueleza jinsi anavyosukuma kabati mlangoni na kukaa macho kwenye godoro mpaka alfajiri. Nikamtazama. Akaitazama fanta yake.

Akauliza kama watoto wanaogopa. Apana, watoto hawana shida. Akauliza kama kuna ugomvi mitaani. Apana, majirani wanasikilizana.

Nakiri, nilifikiri kuwageuzia maneno. Ningesema kwa Kifaransa kwamba hawalali, hawali, wanashtuka mlango ukigongwa, na ningekuwa nimesema kweli kuliko wao wenyewe. Lakini Mzee Saidi amefanya kazi miaka mingi kwenye gereji ya Mbelgiji, na Kifaransa anakisikia. Nilianza tu kuongeza sentensi moja, akakohoa.

"Mwalimu, mi nilisema salama."

Najua kwa nini. Nami nimelelewa hivyo hivyo. Mgeni akiingia hummwagii msiba wako mapajani. Unampa kiti, unampa kinywaji, unampa habari njema. Anakuuliza amahoro, yaani kama kuna amani, unajibu ni amahoro, hata kama jana risasi zilipita juu ya bati lako. Ni heshima, na ninaipenda. Lakini leo mgeni alikuwa na kalamu mkononi! Jumamosi ngapi tumelia katika ua ule, na siku moja ambayo machozi yangetufaa, hakuna hata aliyepenga kamasi.

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama pande zote mbili za vita zinawakilishwa. Wangapi wa huku, wangapi wa kule. Fomu yao ina kisanduku cha hilo na mimi nilikiacha kitupu mara zote tatu. Hatujawahi kuulizana. Ndiyo sababu tunaweza kukaa pamoja. Mzee Saidi hakungoja nitafsiri.

"Sisi watu ya quartier, Monsieur," akasema, watu wa mtaa tu, na hapo likaishia.

Mgeni akafunga daftari. Akasema amefurahi kukuta watu wenye nguvu namna hii, na kwamba huenda viko vikundi vingine vyenye shida ya haraka zaidi. Nikatafsiri kwa mdomo wangu mwenyewe. Unajua walifanya nini? Walishukuru. "Asante sana," wakasema, huku wanatikisa vichwa. Nilitaka kuvunja chupa.

Alikuwa ameshasimama alipomgeukia Mama Goreth, kwa kuwa ua ni wake, akamuuliza kwa upole kabisa: na mumeo, bibi, yuko kazini leo?

Sikutafsiri. Haikuhitajika. Maneno hayo ya Kifaransa kila mtu hapa anayajua.

Pale ndipo salama yetu ilipokwama. Kwa usingizi unaweza kusema salama, kwa watoto unaweza kusema salama. Kumsema yeye salama ilikuwa haiwezekani, na kukaa kimya mbele ya mgeni ni utovu wa adabu. Mama Goreth aliweka chupa chini. Akanyoosha kitenge chake. Akasimama, mikono ameikutanisha mbele, akatuelekea sisi na viti vyetu vya parokia, vile vile mtu anavyosimama siku ya kuondoa matanga.

"Bwana yangu hayuko ku kazi," akasema. "Alitoka hapa kwenda ku port, wakamuua mu njia, sijue wapi. Mungu amupokee." Akatutazama mmoja mmoja. "Munisamehe, nimewachelewesha sana. Saidi, ulinishika mugongo. Mama Chantal, ulikuya kulala kwangu wakati nilikuwa naogopa nyumba yangu mwenyewe. Mwalimu, we pia. Mi nawashukuru wote. Mutu atakuya na posa ya mutoto wangu, mulango iko wazi."

Goreth alikuwa amebeba sinia la chupa. Aliliweka chini polepole, akakaa sakafuni kando yake.

Mzee Saidi akavua kofia yake. "Mungu amurehemu," akasema. Mama Chantal akafuata, kisha mwingine, kisha wote, mmoja mmoja. Miaka yote hii sikuwahi kusikia mtu akimwambia mama yule maneno hayo. Nami nikayasema.

Viti vilikuwepo. Vinywaji vilikuwepo, majirani walikuwepo, na mvua ilikuwa inapiga bati juu yetu badala ya hema. Kila kitu nilichokatiwa kwenye bajeti mara tatu kilikuwa mbele yangu, na tulikinunua wenyewe ili kumfurahisha mtu wa bajeti.

Mama Goreth akaokota sinia, akagawa fanta kwa mkono wake, akaanza na mgeni. Mgeni akaninong'oneza, amesema nini? Mara hii nikatafsiri neno kwa neno, na Mzee Saidi hakukohoa. Kijana akakaa tena. Macho yake yalikuwa mekundu, sitamnyima hilo. Akanywa fanta ya pili mpaka mwisho bila kuandika chochote.

Kisha akaniuliza kama ningeweza kuliweka hili kama kiashiria.

Nilicheka. Nilicheka vibaya mpaka Goreth akageuka. Nikamwambia nitajaribu, Monsieur. Akatazama saa, maana barabara zinafungwa mapema, akaaga mmoja mmoja kwa mikono miwili kama tunavyoaga sisi. Labda maombi yatapita, labda hayatapita. Semina na fulana amezitaja tena akiwa anafunga viatu.

Alipoondoka nilimwambia Mama Goreth kwamba nikiandika maombi ya mara ya nne nitalitoa jina lake, kwa kuwa matanga yake yamekwisha. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza na Goreth, kila mmoja ameshika pembe zake. Mtoto alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, akisema lazima aende kwa fundi redio kabla giza halijaingia.

"Apana, Mwalimu," Mama Goreth akaniambia. "Uniache mule. Wengine watafanya yao, mi nitakuya kuwashika mugongo."

Kisanduku cha hilo hakipo. Nimekitafuta.

Kwa hiyo nitaandika tena. Nitaomba tena hema, viti na vinywaji, na wakiniambia vinywaji havifadhiliwi nitawauliza mgeni wao alikunywa nini.

Lakini kinachonikera zaidi nimekiacha mpaka hapa, na najua kwa nini. Mgeni akiwa mlangoni mwa gari alinishika mkono, akauliza: na wewe, Madame, unaendeleaje? Hakuuliza kwa haraka. Alisubiri, mvua inamlowesha. Pengine baada ya yale aliyoyasikia alitaka kweli kujua. Nami niliyemtolea macho Mama Chantal, mimi niliyekuwa karibu kuvunja chupa kwa hasira, nilijibu kabla hajamaliza kuuliza. Ça va bien, merci. Niko salama, asante.

Nimerudi Buyenzi kwa miguu na jibu hilo. Kanzu ya Hamisi aliyoifua Mama jana haijakauka kwa unyevu huu, ameitundika ukumbini. Nilipoingia ilinigusa bega.

Dakika hii Mama ameuliza kutoka jikoni mbona nimejifungia, kuna neno gani huko Nyakabiga. Nimemjibu hakuna neno, Mama, ni salama.

Nimejisikia nikisema.

Basi. Naweka kalamu chini, naenda jikoni kumjibu Mama upya. Nitaanzia kwenye kanzu.