Ile ya Vitabu, au Ile Nyingine?

4 Novemba

Mdogo wangu,

"Ulevi na bangi ni maradhi ya shule za mtaani, shule yenye jina haina uchafu huo." Maneno hayo umeyaandika wewe, wakili mzima, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje? Wifi yangu mzima? Huku tu wazima, na mwanangu Kasuku anamwamkia mjomba wake. Salamu zimekwisha, sasa tugombane.

Bangi haisomi kibao cha getini. Wanaokuja kwenye duka langu la dawa kuniomba dawa ya kikohozi chupa kwa chupa, bila hata kukohoa kwa adabu, wamevaa sare za shule zenye jina, na mashati yao yamepigwa pasi vizuri sana.

Januari Kasuku anaingia sekondari. Nimezunguka shule, na kila mkuu nimemuuliza swali moja tu: "Mwaka huu mmemkamata nani amelewa, na mlimfanya nini?" Mkuu wa shule yenu alicheka hadi kitambi kikatikisika. "Mama, kwetu hakuna!" Mwalimu mkuu wa ile shule ndogo nyuma ya kiwanda cha matofali hakucheka. "Wanne," akasema. Akanieleza mzazi gani alilia na yupi alimtukana, nani anakaa nao kila Ijumaa kuwasikiliza, na kwamba wote wanne bado wako darasani.

Asiyetafuta haoni, na asiyeona hujisifu kwamba hakuna. Mimi namtaka huyo wa wanne.

Dada yako


12 Novemba

Dada,

Shikamoo. Mgongo unauma, na barua yako imeuongezea. Wifi yako anakusalimu, amecheka mpaka nimemnunia.

Hesabu gani hii? Wanne ni wengi kuliko sifuri, hata mtoto wa chekechea anajua. Unaikimbia shule isiyo na mlevi unakwenda kwenye walevi wanne! Kuna msemo kuhusu anayeruka mkojo, lakini nakuheshimu, sitaumalizia.

Mtazame Bingwa wangu. Wiki iliyopita ameniandikia: "Baba, Jumamosi tulishinda maktaba. Nimemaliza kitabu kizima peke yangu, leo kichwa kinanigonga." Mtoto anasoma hadi anaumwa! Mama yake amempelekea dawa ya kichwa na maziwa. Huko kwako kwenye matofali kuna maktaba?

Nafasi ya Kasuku nimeshaiomba. Acha ubishi, nenda Jumamosi yoyote ukajionee.

Mdogo wako,
Wakili


24 Novemba

Mdogo wangu,

Pole na mgongo. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Nilikwenda. Kufuli ya maktaba imeota kutu. Nikachungulia dirishani: viti vimepandishwa juu ya meza, na vumbi limetanda hadi unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Nikamsimamisha binti aliyekuwa anapita na ndoo ya nguo.

"Mwanangu, maktaba ni hii?"

"Unataka ile ya vitabu, mama, au ile nyingine?" Kisha akajiziba mdomo.

Ile nyingine iko nyuma ya tangi la maji. Huko chupa kubwa ndiyo "kitabu", chupa ndogo ni "daftari", na msokoto wa bangi ni "kalamu". Aliyemaliza chupa bila kusaidiwa, amesoma kitabu kizima peke yake. Rudia sasa kusoma ile barua uliyonitambia.

Bingwa alikuwa ameegemea tangi, viatu mkononi. "Shikamoo, shangazi," akasema, akiliamkia bomba lililokuwa kando yangu. Mwalimu wa zamu akanisaidia kumbeba hadi bwenini. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikaa naye nikimnywesha maji mpaka akanitambua. Akalia. "Usimwambie baba, shangazi. Baba anaamini."

Ninakuambia kwa sababu unaamini.

Dada yako


15 Desemba

Mdogo wangu,

U mzima? Kimya chako nakisikia mpaka huku. Kununa nuna, wewe ni mdogo wangu, una haki hiyo. Ila nijibu moja: Bingwa anakula?

Dada yako


11 Januari

Dada,

Shikamoo. Anakula. Sisi ni wazima kiasi chetu.

Nilikasirika, sitaki kukudanganya. Nikaandika majibu matatu ya kisheria, nikayachana. Mwisho nimemtoa Bingwa pale kimyakimya, nikampeleka mwenyewe kwenye matofali yako. Mama mwalimu mkuu akatuuliza kama mtoto anakunywa, na Bingwa akajibu kabla sijafungua mdomo. Yule mama akaitikia kwa kichwa: "Basi sasa tutasema watano. Karibu, mwanangu." Nilijiandaa kugomba, nikajikuta ninalia.

Ninalo ombi. Mkutano wa wazazi wa shule yenye jina ni mwisho wa mwezi, na mwenyekiti bado ni mimi. Kwenye tangazo la shule pameandikwa "Shule isiyo na ulevi", na chini yake pana sahihi yangu. Usiseme kitu, dada, shule itavunjika. Mtoto wetu ametoka, yamekwisha.

Mdogo wako


17 Januari

Mdogo wangu,

"Mtoto wetu ametoka, yamekwisha." Hujambo? Wifi hajambo? Bingwa alikuja Jumapili akala sahani mbili, na Kasuku akamtania hadi akacheka kwa mara ya kwanza. Ninakupenda, na nimekataa.

Hayajakwisha. Wako umemtoa. Yule binti wa ndoo umemwachia nani? Wazazi wake wamesoma tangazo lako, wakaiamini sahihi yako kama wewe ulivyoliamini neno maktaba. Nyumba ikishika moto, anayembeba mwanawe kupitia mlango wa nyuma na kuwaacha majirani usingizini, sisi tunamwita nani? Wewe ndiye mwanasheria, nitafutie jina lake.

Unaogopa shule itavunjika. Ile ya matofali ilisema wanne, na mimi nikampeleka mwanangu. Umesema wewe mwenyewe: huko ndiko ulikolia. Kwenye shule ya sifuri ulikuwa unapeleka dawa ya kichwa.

Aya hii ya mwisho isomee kamati yako yote, kwa sauti. Nyinyi wajumbe, mnaokaa meza ya mbele siku ya mkutano: mimi nitakuwa mstari wa kwanza. Ondoeni lile tangazo. Simameni mbele ya wazazi mtaje idadi. Na kama hamuijui, semeni hamuijui, kisha nendeni nyuma ya tangi mkahesabu. Halafu fungueni maktaba, ile ya vitabu. Kufuli ikigoma kwa kutu, msihangaike kutafuta ufunguo. Nakuja na nyundo.

Dada yako